Kabla Hujaifungua Injini

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za nchi hii gari kuukuu si pambo. Ni mfanyakazi wa nyumba. Hubeba mazao, hubeba wagonjwa, hubeba maharusi na hata maiti, na fedha linazoingiza ndizo ada ya shule na ndizo chumvi ya jikoni. Kwa hiyo siku injini yake inapoanza kukohoa, jambo hilo si la dereva peke yake. Mama wa nyumba naye linamhusu, maana fedha za matengenezo zitatoka mahali ambapo yeye pia ana haki. Kurasa hizi zimezoea kuzungumza juu ya malezi na mapishi. Leo naomba ruhusa nizungumze juu ya injini, nami naahidi kwamba sitatoka nje ya mambo ya nyumba.

Kukohoa huko mafundi wetu hukuita kumisi. Injini ya petroli yenye silinda nne, inaponguruma taratibu gari likiwa limesimama, huzunguka mara 600 hivi kwa dakika. Katika mizunguko hiyo kila silinda huwaka mara 300, yaani silinda zote nne kwa pamoja huwaka mara 20 katika kila sekunde. Sikio la mwanadamu haliwezi kuihesabu mioto hiyo. Huisikia kama mlio mmoja. Lakini silinda moja ikikosa kuwaka, sikio hulitambua pengo mara moja, kama linavyomtambua mpiga ngoma aliyekosea pigo. Usukani hutetemeka, kioo cha pembeni hucheza, na mlimani nguvu hupungua.

Ili silinda iwake yahitajika mambo matatu tu. La kwanza ni mchanganyiko wa hewa na petroli kwa kipimo chake, ambacho ni karibu sehemu 15 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. La pili ni mgandamizo, yaani mchanganyiko huo ubanwe barabara na pistoni, usipate pa kutorokea. La tatu ni cheche yenye nguvu, itokee kwa wakati wake. Magari ya miaka ya karibuni yana kompyuta. Fundi huchomeka kifaa chake akasomewa namba ya silinda iliyokosa. Gari la zamani halina msemaji wa namna hiyo. Hapana budi lihojiwe, na mahojiano hayo yana utaratibu wake. Bahati mbaya ni kwamba mafundi wengi wa siku hizi hawahoji. Hubadilisha kipuri, wakasikiliza. Wakabadilisha kingine, wakasikiliza tena. Kila kusikiliza huko hulipiwa na mwenye gari.

Mjomba wangu anakaa juu ya Soni, katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto. Ana Land Rover ya petroli aina ya Series III, yenye injini ya lita 2.25. Magari ya aina hiyo yalitengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi mwaka 1985, kwa hiyo hata lililo dogo kuliko yote limekwisha pita umri wa miaka 40. La mjomba hushusha kabichi, karoti na matunda hadi Mombo, penye barabara kuu, kisha hupanda tena na abiria, saruji au mbolea. Anayeijua barabara ile inayojipinda kando ya genge anajua pia kwamba si mahali pa kupanda na silinda tatu.

Mwaka 2023 gari hilo lilianza kumisi. Gereji moja ililipokea. Kwanza zikabadilishwa plagi, kisha nyaya za plagi, kisha koili, na baadaye kabureta ikafunguliwa na kuoshwa. Kila mara gari lilitoka likiwa na nafuu ya siku moja au mbili, au pengine nafuu yenyewe ilikuwa matumaini ya mwenyewe. Hatimaye ikatolewa hukumu: ringi za pistoni zimekwisha, injini ifunguliwe yote. Gharama waliyotaja ilikaribia bei ya ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe wa maziwa nyumbani alikuwako mmoja.

Ng'ombe huyo alikuwa wa mkaza mjomba. Alimnunua kwa fedha zake za karoti, akamjengea banda, na kila siku alimkatia majani kwa mkono wake. Nilipofika kuwasalimu nilikuta nyumba imenyamaza.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi sikatai gari litengenezwe. Ninachokataa ni kumwuza ng'ombe kwa ajili ya ugonjwa ambao hakuna aliyenionyesha."

Naomba uyatafakari maneno hayo, ndugu msomaji, maana ndani yake mna elimu yote ya kutafuta ubovu wa injini. Ugonjwa wa injini unaweza kuonyeshwa, na fundi asiyeweza kuuonyesha bado hajaujua.

Kwa ajili ya kazi yangu namfahamu fundi mmoja mstaafu wa Korogwe, mzee aliyetumia ujana wake wote akitengeneza magari ya aina hiyo. Nilimwomba, naye akakubali kupanda nami. Alipofika hakufungua boneti. Alikaa kibarazani, akapokea chai, akauliza maswali. Gari linamisi lini? Likiwa baridi au likiwa na moto? Linamisi kwa mapigo yanayofuatana sawasawa, au leo hivi na kesho vile? Mlimani au tambarare?

"Linamisi wakati wote, mzee," alijibu mjomba.

Sauti ikatoka jikoni. "Si wakati wote. Asubuhi tukishuka halina neno. Ni wakati wa kupanda kutoka Mombo, likishapata moto sawasawa, ndipo linaanza. Tena linamisi kwa kipimo kimoja, puh, puh, puh, kama mtu anayetwanga. Tukipumzika Soni kwa muda mrefu, linapona kidogo."

Mzee aliweka kikombe chini. "Mama, gereji walikuuliza hayo?"

"Mimi? Nani aniulize mimi habari za gari?"

Na hali yeye ndiye aliyekuwa akikaa katika kiti cha mbele kila siku ya soko, asiye na usukani wa kumshughulisha, masikio yake yakiwa wazi. Dereva huzoea mlio wa gari lake mpaka haumwambii kitu. Tangu siku ile, nikisikia kwamba gari la mtu linasumbua, namwuliza kwanza anayekaa kando ya dereva.

Sasa tazama jinsi maneno yale machache yalivyopunguza kazi. Gari linapomisi ovyo ovyo, mara silinda hii mara ile, kosa huwa liko mahali ambapo silinda zote hushirikiana: petroli isiyofika vizuri, chujio lililoziba, maji ndani ya tangi, koili, kondensa, au pointi za ndani ya distributa zilizoungua au zilizopoteza kipimo chake. Kwa Land Rover hiyo pointi hutakiwa ziachane kwa milimita 0.35 hadi 0.40, nafasi ambayo hupungua kadiri kisigino chake kinavyolika, na inapopungua hata wakati wa cheche hubadilika. Lakini gari linapomisi kwa kipimo kimoja, kama mtu anayetwanga, aghalabu ni silinda moja peke yake iliyoacha kazi. Petroli hutoka katika kabureta moja, na koili ni moja kwa wote. Vitu hivyo haviwezi kumbagua mmoja kati ya wanne. Kwa hiyo koili iliyonunuliwa, na kabureta iliyooshwa, zilikuwa fedha zilizotupwa kabla ya swali kuulizwa.

Swali lenyewe ni fupi: ni silinda ipi?

Mzee aliwasha injini, akaiacha ipate moto. Kisha kwa koleo lenye mpini wa mpira akaung'oa waya wa plagi ya kwanza, akaugusisha kwenye chuma cha injini ili umeme usikose njia. Injini ilitetemeka zaidi, karibu izimike. Maana yake silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi, na kuondolewa kwake kumesikika. Akaurudisha. Waya wa pili, vivyo hivyo. Waya wa tatu alipoung'oa, injini haikubadilika hata kidogo. Akaurudisha, akaung'oa tena, akamtazama mkaza mjomba aliyekuwa amesimama mlangoni. "Mvivu ndiye huyu, mama. Nambari tatu."

Hadi hapo hatukuwa tumetumia hata senti moja.

Baada ya kumpata mhusika, mzee alitaka kujua ni kipi kati ya yale mambo matatu anachokikosa. Alizima injini, akahamisha plagi ya silinda ya tatu akaitia katika ya kwanza, na ya kwanza akaitia katika ya tatu. Kama ubovu ungekuwa wa plagi, ungehama nayo. Haukuhama. Akabadilishana nyaya kwa namna hiyohiyo, na bado aliyelala alikuwa wa tatu. Cheche basi ilikuwako. Kisha akamwomba mtoto ukurasa wa daftari, akaenda nyuma ya gari, akaishika karatasi hiyo karibu na mdomo wa ekzosi. Katika injini nzima karatasi husukumwa nje kwa mfululizo bila kurudi. Ile yetu ilikuwa ikisukumwa, na kila baada ya muda ikavutwa ndani kidogo, kama injini inayopumua kwa kurudisha pumzi. Mzee aliguna. Hiyo, alisema, ni dalili ya valvu ya kutolea moshi ambayo haijifungi barabara.

Ndipo alipotoa kipimo cha mgandamizo. Aling'oa plagi zote nne, injini ikiwa bado na moto, akamwambia mjomba akanyage mafuta mpaka mwisho na kupiga stata. Silinda ya kwanza ilionyesha ratili 140 kwa inchi ya mraba, ya pili 135, ya nne 140. Ya tatu ilionyesha 85. Gereji basi hawakusema uongo waliposema kwamba mgandamizo umepungua. Kosa lao lilikuwa kuishia hapo, kwa maana mgandamizo hutoroka kwa njia zaidi ya moja. Unaweza kupita chini, kando ya ringi, au ukapita juu, katika valvu. Njia ya kuzitenganisha ni kijiko kimoja cha oili. Oili ikimiminwa ndani ya silinda huziba kwa muda nafasi za ringi. Kipimo kikipanda sana, ringi ndizo zilizolika. Mzee alimimina, akapima tena. Kilipanda kutoka 85 hadi 90. Ringi zilikuwa hazina hatia.

Hapa mjomba alikaa juu ya jiwe. Nadhani alikuwa akimfikiria ng'ombe.

Kilichofuata kilikuwa kufungua kifuniko cha juu cha injini, kazi ya spana moja na dakika chache. Chini yake ipo mikono ya chuma inayozisukuma valvu nane, na kati ya kila mkono na valvu yake hapana budi iwepo nafasi ndogo. Kwa injini hiyo nafasi hiyo ni robo ya milimita kwa valvu zote. Ipo kwa sababu chuma hurefuka kinapopata moto. Pasipokuwa na nafasi, valvu iliyorefuka haina pa kwenda, hubaki imeinuliwa kidogo juu ya kikalio chake, na mgandamizo hupita hapo. Injini ikipoa valvu hufupika, hufunga tena. Ndiyo maana asubuhi gari halikuwa na neno.

Kuna hesabu ya kupendeza ambayo mafundi wa injini hii huitumia, nami naitaja kwa sababu ilimfurahisha mtoto wa darasa la sita aliyekuwa akitutazama. Valvu huhesabiwa kutoka mbele, 1 hadi 8. Ukitaka kupima moja, zungusha injini kwa hendeli mpaka mwenzake awe amefunguka kabisa, na mwenzake ni yule ambaye namba zao mbili zikijumlishwa hupatikana 9. Ya 1 hupimwa ya 8 ikiwa wazi, ya 2 hupimwa ya 7 ikiwa wazi. Valvu ya kutolea moshi ya silinda ya tatu ni ya 5, kwa hiyo mtoto alipewa kazi ya kupiga kelele ya 4 itakapofika chini kabisa. Alipiga kelele. Mzee akachukua kipande cha kupimia cha milimita 0.25. Hakikuingia. Akachukua kilicho chembamba kuliko vyote, cha milimita 0.05. Hicho nacho hakikuingia.

Nafasi hiyo huliwaje? Mara nyingi si mkono wa valvu unaolika bali ni kikalio chake, ambacho hupigwa na valvu maelfu ya mara kwa saa moja kikazama taratibu, na valvu ikapanda juu. Zamani petroli ilitiwa risasi, ambayo pamoja na kazi yake nyingine ilikuwa kama utando wa kuvikinga vikalio hivyo. Mwaka 2001, huko Dakar, nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliafikiana kuiondoa petroli hiyo, na mwanzoni mwa mwaka 2006 ikawa imeondoka sokoni. Algeria, ya mwisho duniani, iliiacha mwaka 2021. Risasi ile ilikuwa sumu, na waliodhurika zaidi ni watoto, ambao huwaharibu akili. Hakuna mzazi wa kuisikitikia. Lakini mwenye injini ya zamani yafaa ajue kwamba vikalio laini havina tena ile kinga, na kwamba nafasi za valvu, hasa za kutolea moshi, zataka kutazamwa mara nyingi zaidi kuliko zamani. Kwa gari la mjomba, mzee alidhani kwamba ndivyo ilivyokuwa, pamoja na miaka mingi ya kupandishwa na mzigo bila mtu kufungua kifuniko kile.

Alilegeza nati, akazungusha skrubu kwa bisibisi mpaka kipande cha robo milimita kikapita kwa kukwaruza kidogo, akakaza. Akazipima na nyingine saba. Mbili zilihitaji kurekebishwa kidogo. Kipimo cha mgandamizo cha silinda ya tatu kikapanda hadi 125. Injini ilipowashwa ilitulia, ingawa si kabisa.

Ule mtetemo mdogo uliobaki ulikuwa zawadi ya gereji. Mzee alipaka maji ya sabuni kwa brashi pale kabureta inapokaa juu ya bomba la kuingizia, na mlio wa injini ukabadilika, maana hewa iliyokuwa ikiingia kwa wizi ilizibwa kwa nukta chache. Gasketi ilikuwa imerudishwa ile ya zamani iliyochanika. Alikata mpya. Kisha akakikagua kifuniko cha kabureta, ya aina ya Zenith, ambacho kikikazwa kwa nguvu nyingi hupinda, na petroli ikapita pasipostahili. Kilikuwa kimeanza kupinda, naye alikisugua juu ya kioo chenye msasa laini mpaka kikawa sawa.

Tulishuka Mombo na kupanda tena, watu watano na magunia mawili ya saruji, na mkaza mjomba alikaa kiti chake cha mbele. Hakusema neno mpaka Soni. Hapo akasema, "Limeacha kutwanga."

Mzee hakuwaachia furaha tupu. Aliwaambia wazi kwamba valvu iliyovuja kwa miezi mingi huenda imeanza kuungua ukingoni, na ile 125 badala ya 140 ilikuwa ishara. Nafasi ipimwe kila baada ya kilomita 1,000 kwa mara tatu za kwanza. Ikiendelea kujifunga, itabidi kichwa cha silinda kivuliwe, valvu ibadilishwe na kikalio kitiwe kipya. Hiyo ni gharama, lakini gharama ya kichwa, si ya injini nzima, na yaweza kuwekewa akiba mapema. Mwaka umepita na kitu bila kichwa kuvuliwa.

Ndugu msomaji ambaye utapenda kujaribu haya nyumbani, yako mambo ambayo siwezi kuyapita. Injini iwashwe uwanjani, si ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na imeua watu. Kanga, mtandio na nywele ndefu zikae mbali na feni na mkanda wake. Sigara na jiko la mkaa visikaribie kabureta iliyofunguliwa. Waya wa plagi usishikwe kwa mkono mtupu. Na ukiona ni afadhali umwachie fundi, mwachie. Lakini kabla hujamlipa kwa ajili ya kufungua injini, mwombe akuonyeshe mambo mawili mbele ya macho yako: silinda iliyolala, na kipimo chake kabla na baada ya kijiko cha oili. Fundi hodari hatakasirika. Kuna watakaokasirika, nawe utakuwa umewajua.

Huko Soni limenunuliwa daftari la kurasa 48. Mtoto wa darasa la sita, ambaye sasa yu darasa la saba, ameandika ndani yake namba za valvu zote nane, nafasi ya kila moja, tarehe na kilomita. Ya 5 ilipopimwa mara ya mwisho ilikuwa milimita 0.20. Imerudishwa 0.25, na ukurasa unaofuata umepigwa mistari tayari. Daftari huwekwa jikoni, katika kabati moja na daftari la maziwa.